Mvi za Mama

Mama hakuwahi kuzijali mvi zake mpaka arusi ya dada yangu, mwaka 2016. Jioni ya kuamkia siku yenyewe akanivuta mpaka duka la vipodozi pale Ngamiani. "Sitaki wakwe wa Pangani wanione kikongwe."

Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, alitoa pakiti ya "hina nyeusi" yenye picha ya majani mabichi. "Ya asili hii, mama. Haina amonia. Nusu saa tu, kichwa cheusi!"

Hiyo nusu saa ndiyo iliyonitia shaka. Hina nimekua nayo: unga wa kijani, harufu ya majani makavu, unakaa nayo kichwani mpaka shingo iume, na ikitoka rangi yake ni nyekundu ya kutu. Nyeusi imetoka wapi? Nikaigeuza pakiti, nikawasha tochi ya simu. Amonia kweli haikuwemo, hapo kijana hakudanganya. Ila kulikuwa na parafenilinediamini, ile PPD inayotia weusi kwenye rangi nyingi za nywele, na ndiyo hiyohiyo watu huchanganya kwenye piko. Sasa Mama, Idi iliyotangulia, alichorwa piko akajikuna mikono wiki nzima, akawasingizia mbu. Na mwili ukishaikataa PPD kwenye ngozi, huweza kuikataa kwa ukali zaidi ukiitia kichwani.

Pakiti yenyewe iliagiza upake kidogo kwanza, usubiri saa 48. Saa 48 wakwe wangekuwa wamesharudi kwao na bibi arusi wao!

"Kwani itanifanya nini?" Mama akauliza.

"Uso unaweza kuvimba, macho yasifunguke. Kesho hiyo, Mama."

"Wateja wote wanachukua hii," kijana akadakia.

"Na mama yako?"

Akacheka, akairudisha rafuni. Kisha akachutama, akatoa chini ya meza hina ya unga ya kupima. Mama akainusa, akaisugua vidoleni, akaanza kupatana bei.

Tulimpaka usiku, tumeikoroga kwa chai ya rangi na ndimu, akalala na mfuko wa nailoni kichwani huku akinung'unika. Asubuhi nywele nyeusi zilikuwa vilevile. Mvi ndizo zilizoiva, rangi ya chungwa. Dada alipiga ukelele. Shangazi akamzunguka Mama mara mbili, akasema, "Wifi, umependeza. Ila wakwe wasije wakachukua bibi arusi siye."

Mama akabadilisha mtandio, akachukua ule mwepesi unaoonyesha.