Mteremko wa Mweka

Zimebaki wiki tatu kufika Kilimanjaro Marathon, na asubuhi ya leo nimeshuka ngazi za nyumbani kwa kushika ukuta. Juzi Jumamosi nilikimbia kilomita 30, mbio ndefu kuliko zote nilizowahi kukimbia: kwanza tambarare za mjini Moshi, kisha nikapanda hadi Mweka, kijiji kilicho kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na kurudi.

Tangu Oktoba nimekuwa nikiogopa kupanda, kwa sababu ndiko pumzi hunikatikia. Kumbe kinachoumiza misuli ni kushuka. Unapopanda, msuli wa paja hufanya kazi huku ukijikunja. Unapoteremka, hulazimika kuuzuia mwili usianguke mbele huku wenyewe ukivutwa na kurefuka, na kila hatua nyuzi zake hupata michaniko midogo mno. Maumivu yake hayana haraka, kwani hukolea siku ya pili au ya tatu, ndiyo maana Jumamosi jioni nilikwenda sokoni kwa miguu nikijiona mzima kabisa.

Jambo linalonisumbua ni kwamba njia ya marathon huuweka mlima huo katika nusu ya pili. Wanga ambao mwili huuhifadhi kwenye misuli na ini, yaani glaikojeni, kwa wengi wetu hukaribia kwisha baada ya kilomita 30 hivi, na mafuta, ingawa yapo tele, hayatoi nguvu kwa kasi ileile. Kwa hiyo mteremko utanikuta nikiwa mtupu. Juzi niliionja hali hiyo kwenye kilomita ya 26, pale nilipoitazama saa yangu mara tatu bila kuweza kukokotoa muda uliobaki.

Dada yangu, ambaye ni muuguzi, alinikemea aliposikia kwamba nilimeza ibuprofen, dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya kutoka. “Mdogo wangu, damu yote imekimbilia miguuni, jasho linakutoka, halafu unazibana figo kwa dawa?” Akaniuliza pia kuhusu maji, nikakiri kwamba nilikuwa nayanywa kila nilipoyapata kwa kuhofia kukaukiwa. Alinieleza kwamba maji yakizidi hupunguza sodiamu katika damu, na mtu huweza kupata kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata kupoteza maisha. Sasa nitakunywa nikisikia kiu.

Hata hivyo mwili huu umenifurahisha. Mapigo ya moyo ninapoamka yalikuwa 74 kwa dakika mwezi wa Oktoba. Leo nimehesabu 61, vidole viwili shingoni, kabla sijatoka kitandani. Na maumivu haya ya mapaja yana faida yake, kwa kuwa misuli iliyokwisha kuumizwa na mteremko mara moja hustahimili vizuri zaidi mteremko unaofuata, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa.

Kesho sikimbii. Ndizi za mtori zipo jikoni, na Alhamisi, mapaja yakikubali, nitapanda tena kidogo tu, kisha nishuke kwa hatua fupifupi.