Jiwe la figo: sindano kwanza, makaratasi baadaye

Mtu mwenye jiwe la figo akiingia kasualti mara nyingi unamjua kabla hajafungua mdomo. Hatulii. Alala ubavu huu, ageuka huu, ashuka kitandani apiga magoti, ainuka ashika ukuta, jasho lamtiririka na kutapika juu. Mwenye apendeksi iliyopasuka yeye hulala kimya hataki hata kitanda kiguswe. Kwa hivyo ukiona nahodha mzima, mtu wa bahari tangu utotoni, anajiviringisha sakafuni akilia "mamangu nafa", usimwambie jikaze bwana. Kina mama waliozaa wananambia yale maumivu yashinda uzazi na mie siwabishii.

Jiwe likikaa zake ndani ya figo aghalabu halina neno. Shida ni likiteremka kwenye mrija wa kupeleka mkojo kibofuni likakwama, mkojo unarudi nyuma, figo inafura. Ndo manake maumivu yanaanza ghafla kiunoni upande mmoja, chini ya mbavu, yanashuka mpaka kinenani, kwa wanaume hadi korodani, yanakuja yakienda.

Sasa kinachonikera. Mgonjwa katolewa Kizingitini, kisiwani Pate, usiku kwa boti, kila wimbi lamwongeza, kafika, alafu anaambiwa haya leta mkojo, nenda kalipe, rudi, ngoja ultrasaundi. La! Sindano kwanza. Na ya kuanzia ni diklofenaki, dawa ya maumivu, miligramu 75 ya msuli, si kwamba ni rahisi tu, ni kwamba inapunguza zile kemikali zinazoongeza presha ndani ya figo, yaani inagonga penye chanzo, na watu wanatapika kidogo kuliko wakipewa mofini. Mofini iwe nyuma, ikiwa diklo haijafua dafu au mtu hafai kuipata: figo mbovu, vidonda vya tumbo, mimba. Maswali hayo matatu unauliza huku unavuta dawa kwenye bomba, hayachukui hata dakika. Ile sindano ya kulegeza misuli ya tumbo tunaipenda sana huku lakini ukiiongeza juu ya diklo sijaona inaongeza nini, na tafiti nazo zasema hivyo hivyo.

Na dripu jamani! Jamaa wa mgonjwa wanakuja juu, "daktari mtie maji mawili matatu lisukumwe." Halisukumwi. Aliyetapika hadi kukauka mpe, mwengine ataenda msalani tu.

Akishatulia ndo upime. Damu kwenye mkojo inasaidia ila ikikosekana usimfukuze mtu, kuna wengi tu wana jiwe na mkojo safi. Ultrasaundi inaonyesha figo iliyofura. CT skani ndo humaliza ubishi, lakini si lazima kila mtu aanzie hapo, kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa 2014, wagonjwa zaidi ya 2,700, walioanza na ultrasaundi hawakupata madhara makubwa zaidi kuliko walioanza na CT. Kwetu visiwani hiyo ni habari njema sana.

Wa kuogopa ni hawa. Mwenye jiwe na homa au anatetemeka: mkojo uliozibwa umeingia vidudu, antibayotiki peke yake haitoshi, lazima uzibuliwe, huyo ni boti hadi Mokowe, gatini upande wa bara, na gari usiku huo huo kwenda Mombasa. Mwenye figo moja, au mkojo umekatika kabisa, vilevile. Dada ambaye siku zake zimechelewa, pima mimba kwanza, yaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Na mzee wa miaka 60 anayekwambia hii ndo mara ya kwanza kuumwa hivi, tafadhali angalia ule mshipa mkubwa wa damu tumboni, ukiwa unapasuka waweza kujifanya jiwe vizuri sana.

Waliobaki wengi hurudi nyumbani na vidonge. Chini ya milimita 5 jiwe kwa kawaida hutoka lenyewe, laweza kuchukua wiki kadhaa, likipita 10 ni nadra kutoka lenyewe. Hapo katikati, likiwa limeshafika chini ya mrija, tamsulosini, dawa ya kulegeza mrija, inasaidia. Wavuvi wangu nawaambia pia wabebe maji ya kutosha, manake wakati wa kaskazi mtu anashinda juani na kichupa kimoja, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, ataacha kufanya mawe? Maziwa msikate, kateni chumvi.

Na mkojoe kwenye chujio, jiwe likitoka mlilete lipimwe ni la aina gani. Chujio lenyewe lisirudi jikoni, nasema kwa sababu nishaulizwa.