Nilivyoitoa kesi yangu mikononi mwa meya, Ohio

Huku Ohio meya anaweza kukuhukumu. Ana mahakama yake, yenye karani na dirisha la malipo, na sehemu ya faini zinazotozwa humo huingia kwenye mfuko wa mji anaouongoza. Marekani nzima ni majimbo mawili tu yanayoruhusu mahakama za namna hii, Ohio na Louisiana. Nimekaa Columbus miaka mingi bila kulijua hilo, mpaka askari wa kijiji kimoja kando ya barabara kuu aliponiandikia tiketi ya mwendo kasi. (Kijiji kwa sheria za hapa ni mji wenye wakazi chini ya 5,000. Usifikirie makuti.)

Kazini tuna kaka mmoja wa Uvira ambaye sote tunamsikiliza. Akaniambia, "Mdogo wangu, lipa tu. Utamshtaki meya kwa meya?" Hakuwa anaongea kwa woga, alikuwa anapiga hesabu. Unasaini kwamba umekubali kosa, unatuma hela, unarudi kwenye shughuli zako. Tatizo ni kwamba kusaini ni kukiri. Pointi za makosa zinaandikwa kwenye leseni, zikifika 12 ndani ya miaka miwili inasimamishwa, na kampuni ya bima huziona kabla hujafika huko. Mimi nasambaza mizigo kwa gari. Leseni ndiyo jembe langu.

Nikakana kosa, nikapangiwa tarehe. Wakati nasubiri nilifanya jambo ambalo yeyote anaweza kulifanya akiwa kitandani na simu: nilifungua tovuti ya Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo, zinakowekwa ripoti za vijiji na miji yote, nikatafuta ile ya kijiji kilichonikamata. Kwenye mapato kuna mstari wa faini, leseni na vibali. Kwa mahali penye kituo cha mafuta na maduka machache, mstari ule ulikuwa umenona.

Ndipo nikaanza kusoma sheria, nikakuta ugomvi huu una karibu miaka mia. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu ya mtu aitwaye Tumey, aliyetozwa dola 100 kwa kukutwa na pombe, enzi zile pombe ilipokuwa marufuku. Meya wa North College Hill, Ohio, aliyemhukumu, alipata dola 12 kutokana na kesi ile. Angemwachia huru asingepata kitu. Mwaka 1972 ikaja ya Ward, dereva aliyetozwa faini kwenye kijiji cha Monroeville, Ohio hiyo hiyo. Safari hii meya hakutia chochote mfukoni mwake, ila sehemu kubwa ya mapato ya kijiji ilitoka kwenye mahakama yake. Majaji wakasema huyo naye hawezi kuwa mwamuzi asiyeegemea upande. Na upande wa pili ulipojitetea kwamba asiyeridhika anaweza kukata rufaa akasikilizwa upya, wakaukatalia: mtu ana haki ya hakimu asiye na maslahi tangu hatua ya kwanza.

Sentensi hiyo niliisoma mara nyingi, kwa sababu mimi nilikuwa naambiwa hayo hayo: usijali, rufaa ipo.

Siku yenyewe sikumkuta meya. Sheria inamruhusu kuteua mwanasheria akae kwenye kiti kwa niaba yake, na mahakama nyingi za aina hii ziko hivyo sasa. Mwanasheria yule alikuwa na adabu, sina la kumlaumu. Lakini aliyemteua ni meya, na jengo ni lile lile la ofisi za kijiji. Askari alisema neno lake, mimi langu, nikakutwa na hatia kabla kiti hakijapata joto.

Kuanzia hapo saa inakimbia. Una siku 10 za kuwasilisha notisi ya rufaa kwa maandishi, na unaiwasilisha pale pale kwenye mahakama ya meya, kwa karani yule yule aliyetaka kupokea faini yako. Yangu ilikuwa na mistari michache: jina, namba ya kesi, tarehe ya hukumu, kwamba nakata rufaa. Niliomba nakala yenye muhuri nikaondoka nayo. Kama kuna kitu kimoja utakachokishika katika maelezo haya, kiwe nakala hiyo.

Rufaa ilikwenda mahakama ya manispaa, nayo ikaanza kesi upya kabisa, kana kwamba ile ya kwanza haikuwahi kuwepo. Ilibidi askari aje tena, na kipimo chake cha kasi kithibitishwe tena. Huku anayehitaji mkalimani hupewa bure. Kanuni ya Mahakama ya Juu ya Ohio imekuwa ikiwabana mahakimu kuhusu hilo tangu 2013, kwa hiyo usimburute mwanao akutafsirie. Mimi sikumhitaji. Mwendesha mashtaka alinivuta pembeni akanipa ofa: kosa libadilishwe kuwa lisilo na pointi, nilipe faini ndogo na gharama za mahakama. Nikakubali.

Ukijumlisha gharama na mishahara niliyopoteza kwa kutokwenda kazini, aliyelipa tangu mwanzo alitumia hela kidogo kuliko mimi. Kwa hiyo siwezi kukuambia mfumo ulinitendea haki. Ulimpa haki mwenye muda, anayesoma Kiingereza cha kisheria, mwenye bosi anayempa ruhusa. Kwa maoni yangu mahakama hizi zingefungwa tu, kesi zote ziende manispaa. Ohio inajua kubadilika ikitaka: mwaka 2025 iliacha kusimamisha leseni kwa sababu tu dereva ameshindwa kulipa faini.

Kaka wa Uvira aliomba nimwonyeshe notisi yangu. Aliisoma yote, akauliza kama na yeye anaweza, kwa tiketi yake ya kijiji hicho hicho. Yeye alikuwa ameshasaini.