Siku moja na foleni ya barua 11,000

Saa 11 kasoro alfajiri simu ilitoa mlio nilioutenga kwa jambo moja tu: foleni ya barua pepe zinazotoka kwenye seva ninayoisimamia, kompyuta inayotuma na kupokea barua za wateja wetu, imevuka 500. Siku ya kawaida haifiki 40. Nilifungua kompyuta gizani, nyumbani Kimara, nikaandika mailq, amri ya kuonyesha foleni. Barua 11,000 na ushee zilikuwa zimejipanga, zote kutoka akaunti ya mhasibu wa shule moja tunayoihudumia. Kwa mujibu wa logi, yaani kumbukumbu za seva, akaunti hiyo ilikuwa imefunguliwa kutoka nchi tatu ndani ya dakika mbili. Nenosiri lilikuwa limeibwa. Nikaifunga, nikafuta takataka, yaani zile barua za matapeli, nikaoga, nikawahi mwendokasi.

Saa 2 nipo Posta, na madhara yamenitangulia. Anwani ya IP ya seva yetu, namba inayoitambulisha mtandaoni, ilishaingizwa kwenye orodha ya Spamhaus ya watuma takataka, ambayo seva nyingi duniani huitazama kabla ya kupokea barua. Siwalaumu, takataka zilitoka kwetu kweli. Kinachoniuma ni kwamba seva ile ina wateja zaidi ya 60 wasio na kosa, na sifa njema ya anwani ile niliijenga kwa miaka miwili. Nikaomba tuondolewe, nikaeleza tundu lilikuwa wapi na nimelizibaje.

Saa 3 na dakika 20 akapiga mama mmoja mwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Barua yangu ya Mumbai haijafika, na hapa kwangu imeandikwa imetumwa. Mnanifanyia nini?"

Neno hilo, "imetumwa", hunigombanisha na watu kila wiki. Maana yake ni kwamba programu yake imeikabidhi barua kwa seva yetu, basi. Kutoka hapo seva yetu huitafuta ya Mumbai, hubisha hodi kwenye poti 25, mlango wa barua, na wenyeji wana hiari yao. Wakijibu kwa namba inayoanza na 4, wanasema rudi baadaye, na Postfix, programu ya barua ya seva yetu, kwa kawaida hurudi tena na tena hadi siku 5. Ikianza na 5, mlango umefungwa. Barua yake ilijibiwa 554.

Nilimweleza. Akapiga tena saa 3:50. Saa 4:15. Saa 4:40 simu akampa mumewe, aliyeniuliza kama intaneti yetu imekatwa. Mumbai wametutangulia kwa saa mbili na nusu, na ofisi ya kule ingefungwa saa 9 na nusu alasiri yetu. Mama alishajaribu kutumia Gmail yake binafsi, Mumbai wakamkatalia, wanataka anwani ya kampuni. Wako sahihi, maana matapeli wa ankara hupita njia hiyo hiyo.

Nikaamua barua zake zipite seva yetu ya pili. Lakini rekodi ya SPF ya domeni yake, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kampuni yake, iliitaja seva ya kwanza peke yake, na barua ikitoka kwenye seva isiyotajwa hushukiwa kuwa ya kughushi. Nikaongeza anwani mpya. Rekodi hiyo ina muda wa sekunde 3,600: aliyeisoma muda mfupi kabla sijaibadilisha angeendelea kuiamini ya zamani kwa karibu saa nzima. Hakuna namna ya kuharakisha. Saa nzima ile mama alikuwa sikioni mwangu.

"Mwanangu, unanidanganya."

Hilo liliniingia, kwa sababu sijawahi kumdanganya mteja.

Saa 7 na dakika 10 nikaituma barua upya kupitia seva ya pili. Jibu: 250, imepokelewa. Nikamsomea mstari wa logi neno kwa neno. Akanyamaza kidogo. "Ngoja niwapigie." Baadaye alipiga kusema wameipata.

Sikumbuki kama nilikula. Wateja wengine walipiga, nikarudia maelezo yale yale mpaka koo likakauka. Giza lilishaingia tulipoondolewa kwenye orodha, na foleni ikaanza kushuka: 300, 120, 31. Nilipunguza kasi ya kutuma kwa makusudi, maana Gmail bado walikuwa wakijibu 421.

Kabla ya kutoka nilimpigia yule mhasibu. Sauti ilikuwa inamtetemeka, akidhani atafukuzwa kazi. Ukurasa wa matapeli ulikuwa na nembo ya shule yao, akaandika nenosiri bila wasiwasi. Tulikaa kwenye simu nusu saa. Tukaweka nenosiri jipya, kisha nikamwomba afungue ukurasa halisi na anisomee anwani yake kwa sauti, herufi kwa herufi, mara tatu.