Ouagadougou: Mji Unaoiheshimu Sinema

Nilitua Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, mwishoni mwa Februari, vumbi la harmattani, ule upepo mkavu wa kutoka Sahara, limetanda, pikipiki zimefurika barabarani. Nilikuja kwa ajili ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika lililoanza mwaka 1969.

Asubuhi nilikwenda kwenye mzunguko wa Place des Cinéastes, yaani Uwanja wa Watengeneza Filamu. Katikati umesimama mnara uliojengwa kama mikebe ya filamu na lenzi zilizopandana. Watu wa sinema waliuzunguka taratibu, kisha wakamwaga tambiko kuwakumbuka wenzao waliofariki. Mwili ulinisisimka. Heshima hiyo, katika miji mingi, huachiwa majenerali.

Wana sababu. Mwaka 1934 Ufaransa ilitoa amri ya Laval: hakuna kupiga filamu katika makoloni yake ya Afrika bila kibali cha watawala. Uhuru ulikuja mwaka 1960, lakini biashara ya sinema ikabaki kwa kampuni za kigeni, hadi serikali ilipotaifisha kumbi mwaka 1970. Hata tuzo kuu ya tamasha, Farasi wa Yennenga, imetoka kwenye simulizi ya asili ya Wamossi, kabila kubwa la nchi hii: Yennenga alikuwa binti mfalme aliyetoroka kwa farasi, akazaa mwana aliyeitwa Ouedraogo, yaani farasi dume. Leo jina hilo utalisikia kila mtaa.

Jioni niliingia kutazama *Wend Kuuni* ya Gaston Kaboré, ya mwaka 1982. Kaboré alisomea historia kabla ya kushika kamera. Kisa chake ni cha enzi za himaya ya Wamossi, kabla ya ukoloni: mtoto bubu anaokotwa porini, familia moja inamlea, anachunga mifugo. Mkoloni hamo kabisa. Nilidhani basi ningeoneshwa zamani tamu isiyo na doa. Siku ulimi wa mtoto unapofunguka, anamsimulia dada yake wa kulelewa namna kijiji kilivyomfukuza mama yake, kikimwita mchawi kwa kuwa alikataa kuolewa tena baada ya mumewe kupotea. Hapo ndipo nilipomwelewa Kaboré. Uhuru wa kujipiga picha ameutumia kusema hata lile la aibu, kwa Kimoore, lugha ya Wamossi, mbele ya wenyewe.

Mzee aliyekaa kando yangu alishika mkono wa kiti mpaka mwisho. Taa zilipowaka alinigeukia, akasema kwa Kifaransa, sauti ya chini: “Mwanangu, shangazi yangu walimfukuza hivyohivyo.”

Tulitoka naye pamoja, polepole, hadi alipoegesha pikipiki yake.