"Used to" iliyotukosesha wageni wa Mnemba

Ilikuwa Agosti, msimu wa wageni, nami nina miezi mitatu tu kwenye kazi ya mapokezi katika hoteli ndogo huku Matemwe, Unguja. Familia moja ya watu sita kutoka Ujerumani ikatuandikia kuuliza kama tunapeleka watu kisiwa cha Mnemba kuangalia samaki. Nikajibu papo hapo, kwa furaha: "Yes, we used to go to Mnemba every morning." Nilikusudia kusema kwamba huwa tunakwenda kila asubuhi. Wakarudisha jibu la adabu kabisa, kwamba wamesikitika kusikia hivyo, na wameshapata nafasi pahala pengine.

Bosi wangu hakunigombeza. Alinifungulia ile barua pepe akaniuliza: "Mbona umewaambia hatuendi tena?" Niliisoma mara tatu nisione kosa. Kila neno nalijua, na kila neno limeandikwa sawasawa. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu kosa usiloliona utalirudia kesho.

Mimi ni wa Mtambwe, Pemba, na skuli nimesomea Wete. Vihusishi vya Kiingereza tulifundishwa kwa picha: kitabu kiko juu ya meza, paka yuko chini ya kiti. Picha zile zilinisaidia, sikatai. Lakini hakuna picha inayoonyesha kwa nini mtu awe "good at" kupika na asiwe "good in", wala kwa nini baada ya "without" kitenzi kibadilike sura. Nilimaliza kidato cha nne nikiandika "without to pay" na "before to leave", na pepa nikafaulu.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda daladala hadi mjini, nikaenda Kikwajuni kwa maalim mmoja mstaafu aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Kiingereza alikisomesha miaka mingi.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, chai hiyo."

Nikampa simu asome. Akavaa miwani, akaisoma ile sentensi taratibu, kisha akaomba daftari langu. Aliandika mistari mitatu ambayo mpaka leo ninayo:

"We go to Mnemba every morning." Huwa tunakwenda.

"We used to go to Mnemba." Zamani tukienda, sasa hatuendi.

"We are used to going to Mnemba." Tumezoea kwenda.

Kwa hiyo ile "huwa" yetu, niliyokuwa nikiitafutia neno, Kiingereza hakiipi neno lolote. Kitenzi kitupu kinatosha. Hilo nililielewa hapo hapo. Lililonisumbua ni mstari wa tatu: kwa nini "used to" ya mstari wa pili ifuatwe na "go" na ya mstari wa tatu ifuatwe na "going", na "to" ni ile ile?

"Si ile ile," akasema maalim. "Ni mbili, zimefanana tu. Moja ni alama ya kitenzi, kama ku- yetu katika kusoma. Nyengine ni kihusishi, na kihusishi kinataka jina. Sasa ukitaka kuzijua, ondoa kitenzi uweke hiki." Akainua kikombe chake. "Tea. 'I am used to tea.' Inaingia? Imeingia, basi hapo kitenzi kikija lazima kivae -ing ndipo kigeuke jina. Haya, 'I want to tea.'"

"Haiingii."

"Haiingii. Hapo kitenzi kikae kama kilivyo."

Nikajaribu na ile niliyokuwa nikiiandika kila siku mwisho wa barua: "We are looking forward to see you." Weka "tea": "looking forward to tea". Imeingia moja kwa moja. Kumbe barua zote zile ilitakiwa iwe "looking forward to seeing you".

Kwenye daladala ya kurudi ndipo nilipoona jambo ambalo hata maalim hakulisema, na kwangu mimi ndilo lililofungua mlango. Sisi kitenzi kilichogeuka jina tunacho. Tunasema kuimba kwake kunapendeza, na tukakipa ngeli yake, ngeli ya KU. Tena tazama tunachokiweka baada ya maneno madogo: kabla ya kuondoka, baada ya kula, badala ya kungoja, bila ya kulipa, ahsante kwa kuja. Kila pahala ni ku-. Mwingereza naye kila pahala pale anaweka -ing: "before leaving", "after eating", "instead of waiting", "without paying", "thank you for coming". Tatizo ni kwamba skuli ku- tumeifungia kwenye "to" peke yake, kana kwamba haina kazi nyengine. Ku- yetu ina milango miwili, na ukitanguliwa na neno dogo unapita mlango wa -ing.

Vivumishi vilinichukua muda mrefu zaidi, maana hapo Kiswahili hakikuonyeshi njia. Tunasema niko tayari kuondoka, na tunasema nimechoka kungoja. Kwetu sentensi mbili hizo zimejengwa sawa, hakuna neno dogo katikati. Kiingereza kinazitenganisha: "ready to leave", lakini "tired of waiting". Ile "of" huwezi kuikisia kwa kufikiri. Na ukifuata "na" yetu unapotea kabisa. Navutiwa na, mtu anaandika "interested with". Ameolewa na, anaandika "married with". Sahihi ni "interested in" na "married to".

Hapa nilijisaidia na kitu cha nyumbani. Karafuu hatuichumi punje punje. Unakata shada zima na kikonyo chake, halafu usiku watu wanakaa kwenye jamvi kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Nikaamua vivumishi nivichume hivyo, na visichambuliwe. Siandiki "afraid" peke yake kwenye daftari, naandika "afraid of". Siandiki "famous", naandika "famous for", kisha sentensi moja ninayoweza kuitumia kazini siku hiyo hiyo: "Pemba is famous for growing cloves." Vile visivyo na kikonyo nikavipa ukurasa wao: "ready to", "easy to find", "happy to help", "glad to hear". Na ukurasa mdogo wa vile vinavyoshika -ing bila ya neno lolote katikati, kama "busy": "The captain is busy preparing the boat." Na "worth": "Jozani is worth visiting."

Kila siku niliongeza viwili au vitatu, si zaidi. Niliwahi kujaribu kumi kwa usiku mmoja, asubuhi nikavichanganya vyote. Nilichofanya badala yake ni kusoma barua za wageni wenyewe. Kila nilipokuta "keen on", "worried about", "responsible for", niliipigia mstari na kuihamishia daftarini na sentensi yake nzima. Wageni wanaandika mno kuhusu wanachokiogopa na wanachokipenda, kwa hiyo hazina ilikuwa mbele yangu siku zote.

Viko pia vitenzi vinavyokubali njia zote mbili, "to" na -ing, na maana ikabadilika, na hivyo navichukulia kwa uangalifu zaidi. Nahodha wetu aliwahi kunituma niwaambie wageni kwamba kusi imeshika na boti zimeacha kwenda miambani. Nikaanza kuandika "The boats stopped to go", nikasita. "Stopped to" ni kusimama ili ufanye jambo. "Stopped going" ni kuacha kwenda. Nikafuta, nikaandika ya pili. Hakuna mgeni aliyeshuka pwani alfajiri ile na taulo begani kungoja boti isiyokuja.

Sasa tuna kijana mpya mapokezi, mtoto wa Kivunge. Juzi aliniletea barua niipitie kabla ya kuituma, na mwisho ameandika "looking forward to meet you". Sikumsahihisha. Nilimsogezea kikombe changu cha chai, nikamwambia aweke "tea" pale. Alisema pole pole kwa sauti, "looking forward to tea", akatazama kioo cha kompyuta kidogo, kisha mwenyewe akaongeza -ing.