Filta chakavu ya oili ndiyo sefu yangu Kibirizi

Nauza dagaa na migebuka, na siku za kununua mzigo naacha gari juu ya mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikashuka kwa miguu. Kule chini huwezi kwenda na kila kitu. Unafuata mtumbwi majini hadi magotini, unachambua samaki kwa mikono miwili, pete inateleza kidoleni hata huhisi. Na ukifungua bunda lote la noti mbele ya muuzaji, bei inapanda papo hapo. Kwa hiyo kuna vitu lazima vibaki garini: pete ya ndoa, hereni za dhahabu, ufunguo wa stoo na fedha ya mzigo wa pili.

Ushauri niliopewa ulinikera sana. Weka chini ya kiti. Weka kwenye droo ya dashibodi, si ina kufuli? Jamani, huko ndiko mwizi anakoanza kupapasa, huko na chini ya zulia na nyuma ya kibao cha kuzuia jua.

Halafu mpwa wangu akaniletea kutoka Dar kopo la soda la bandia. Kitako chake kinafunguka kwa kuzungusha, na ndani kuna nafasi ya kutosha hereni na noti zilizokunjwa. Ukiliangalia ni soda kabisa. Akaniapia kwamba hakuna mwizi atakayeligusa. Labda huko kwao! Nilimpa lifti mama mmoja kutoka Ujiji kwenda Mwanga, jua la saa nane mchana, na kabla hatujafika mbali kopo alikuwa nalo mkononi: "Dada, soda yako imechemka hii, tukifika nikuwekee kwenye friji yangu?" Nikalihamishia mlangoni, pale pa kuwekea chupa. Siku ya kuosha gari nikakaa kwenye benchi kusubiri, mara nasikia kishindo. Kijana amelitoa na makopo mengine matupu anayoyakusanya kuuza chakavu, na analikanyaga kwa kisigino liwe bapa. "Mama, kopo hili gumu, halikubali!" Hereni zangu zimo ndani. Nilirukia lile kopo kama kipa. Likawa limebonyea ubavuni, na kitako hakikufunga tena.

Pale ndipo nilipoelewa kitu ambacho washauri wote hawakuniambia. Chombo cha kufichia kisiwe kitu cha kunywa, cha kula wala cha kuuza, na wakati huohuo kisionekane takataka ya kutupwa. Dumu la mawese usijaribu kabisa, maana hapa Kigoma mawese ni mali, litaondoka lenyewe. Kinachofaa ni kitu kichafu chenye sababu ya kuwemo ndani ya gari.

Nikaenda gereji kwa shemeji, nikaomba filta ya oili iliyokwisha kazi, ile ya duara ya kufungwa kwa kuzungusha. Fundi mwenzake aliikata kwa msumeno wa chuma karibu na ukingo, akatoa karatasi ya kuchujia, springi na mipira yote, akaisafisha kwa petroli na kuiacha juani hadi harufu ikaisha. Kile kipande cha juu akakitilia pete ya bati kwa ndani, kikawa kifuniko kinachoingia kwa kubana. Nilimpa hela ya soda tu na kumnunulia chakula cha mchana. Vitu navifunga kwanza kwenye mfuko wa nailoni, naviingiza ndani ya filta, kisha kwa nje ya filta napaka grisi nyeusi mpaka mstari wa kukatia upotee. Inakaa kwenye buti pamoja na jeki, spana ya magurudumu na tambara la oili.

Shemeji hakuwepo ilipokatwa, basi nikampa gari alipekue. Aling'oa mazulia, akanyanyua tairi la spea, akaingiza mkono hadi nyuma ya redio. Filta aliishika kwa vidole viwili, akaiweka pembeni, akajifuta mikono kwa tambara. "Shemeji, mataka haya unatembea nayo ya nini?"

Kuficha nakufanya nyumbani, kabla sijawasha gari. Ukifungua buti na kuinamainama pale pale unapoegesha, umeshawaonyesha wanaokutazama. Simu naenda nayo mwilini, kwa sababu joto la gari lililofungwa juani linaharibu betri. Kadi halisi ya gari nayo haikai garini hata siku moja, nabeba kopi. Na wenye bima ya mtu wa tatu wasijidanganye, ile hailipi vitu vyako vilivyoibwa.

Grisi napaka upya kila nikibadilisha oili, maana ikikauka kifuniko kinaanza kuonekana. Sasa fundi ananitafutia filta ya lori, kwa sababu daftari la madeni nalo nataka liingie.